Kutoka Ofisi ya Bima Hadi Darasa la Berlin

Aghalabu mtu aliyejaaliwa kazi ya mshahara mzuri mjini Dar es Salaam, mwenye meza yake, gari la mkopo ambalo deni lake limekaribia kwisha, na jina linalotambulika katika mikutano ya kampuni, haulizwi na jamaa zake kama anaipenda kazi hiyo au haipendi, maana kwao kazi njema ni ile iletayo riziki ya halali kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Na mimi siwalaumu, kwa kuwa ada za shule za wadogo zangu, dawa za mama yangu na mabati mapya ya nyumba yetu ya Tanga vyote vilitoka katika mshahara wa namna hiyo. Nilifanya kazi katika kampuni ya bima tangu nilipotoka chuo kikuu hadi nikawa mkuu wa idara ya madai. Yalipita mbele yangu mafaili ya magari yaliyogongana katika barabara ya Morogoro, ya maghala yaliyoungua, ya shehena zilizolowa bandarini, na katika kila faili wajibu wangu ulikuwa kuipima hasara ya mtu, kutazama kama alikata bima kubwa au ndogo, kisha kumwandikia barua ya kumjulisha kiasi atakacholipwa. Kazi hiyo ina insafu yake ikifanywa kwa uaminifu, nami niliifanya kwa uaminifu. Walakini moyo wangu ulikuwa mahali pengine.

Mahali hapo palikuwa chumba kimoja cha nyuma ya kanisa, Upanga, ambamo kila Jumamosi asubuhi nilifundisha Kiswahili wageni waliokuja nchini kwa kazi: wauguzi, wahandisi wa maji, na safari moja mtaalamu wa nyuki aliyekuwa akielekea Tabora. Nilianza kwa kumshikia sahibu yangu nafasi alipougua, nikaendelea kwa mapenzi. Na kwa kuwa sikutaka kufanya kwa kubahatisha kazi ambayo wengine wameisomea, nilichukua likizo nikahudhuria mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni yanayotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo liliundwa mwaka 1967 na ambalo juhudi yake hii ya kuandaa walimu haijulikani kwa watu kadiri inavyostahili. Mwanafunzi wangu mmoja wa Upanga, aliporejea kwao Berlin, akaniandikia kwamba shule ya jioni ya watu wazima katika wilaya yake ilikuwa ikitafuta mwalimu wa Kiswahili. Niliisoma barua ile ofisini, nikaiweka katika mtoto wa meza, na kila nilipouvuta kuchukua mhuri nikaisoma tena.

Ami yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, aliniita barazani kwake Ngamiani, mjini Tanga, nilipokwenda kumtaka radhi.

“Mwanangu,” alisema, “watu huenda Ulaya kusoma wakarudi na shahada, au huenda kutafuta mali. Wewe unaacha mali hapa uende kufundisha maneno ambayo hapa mtoto wa miaka mitatu anayasema. Nieleze, nifahamu.”

“Mtoto anayasema, ami, lakini hawezi kuyafundisha.”

Alinyamaza kitambo, akizungusha tasbihi mkononi, kisha akaniambia kwamba kama ni ualimu basi uwe ualimu wa kweli, nisikubali kukaa ugenini nikawa kinywa cha kukopwa na wenye shule. Wakati ule nililichukua neno lake kuwa ni tahadhari ya mzee. Nilipofika Berlin na kusoma habari za waliotutangulia, nilitambua kuwa lilikuwa na uzito kuliko alivyokusudia yeye mwenyewe.

Niliandika barua ya kuacha kazi, nikamaliza notisi yangu, nikapokea kiinua mgongo, nikauza gari. Habari za ndege na viwanja vya ndege hazina faida kwa msomaji, nami naziacha. Linalofaa kusemwa wazi, kwa kuwa wengi huniuliza, ni namna mwalimu wa aina yangu anavyoishi. Berlin ina wilaya 12, na kila wilaya ina shule yake ya watu wazima, ambayo Wajerumani huiita Volkshochschule, ambamo mtu baada ya kazi hujifunza ushoni, upigaji picha, hesabu za biashara au lugha kwa ada nafuu. Mwalimu wake aghalabu si mwajiriwa. Hulipwa kwa kipindi cha dakika 45, na kwa kawaida kipindi kisichofundishwa hakilipwi. Idara ya uhamiaji ya mji ule ina kibali cha ukaazi kilichowekwa mahsusi kwa wasanii na walimu wa lugha wanaojitegemea, na ili ukipate huna budi kuonyesha barua za kazi, kipato cha kukutosha, na bima ya afya uliyojilipia mwenyewe. Mimi niliyekuwa nimeshughulikia bima za watu kwa miaka sasa niliketi upande wa pili wa meza, nikisoma masharti ya mkataba neno kwa neno. Na naweza kushuhudia kwamba bima ya afya ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya pato langu la kwanza, ikifuatiwa na kodi ya chumba. Aendaye Ulaya kufundisha asidhani kuwa jina la Ulaya ni mshahara.

Nilifika wakati majani ya miti yalikuwa yakipukutika, na haukupita muda jua likawa latua kabla ya saa kumi za jioni, hata darasa langu lililoanza saa kumi na mbili na nusu lilikuwa darasa la usiku mtupu. Wanafunzi walikuja wametoka kazini, wakatundika makoti yao mazito ukutani, wakatoa chupa za maji na kalamu, wakaniangalia kwa utulivu ambao kwanza ulinitia hofu na baadaye nikaupenda. Walikuwamo vijana waliojiandaa kwenda kujitolea mwaka mmoja Tanzania. Mama mmoja aliyeolewa na Mkenya wa Kisumu, akitaka kuzungumza na wifi zake bila mkalimani. Washarika wa Kilutheri ambao kanisa lao lina udugu na sharika za Nyanda za Juu Kusini, udugu wenye asili yake katika safari ya wamisionari wa Berlin waliofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Na kijana mmoja mzaliwa wa Berlin, mwenye bibi aliyezaliwa Unguja, ambaye alijua kuimba kwa Kiswahili lakini hakujua maana ya alichokiimba.

Watu hawa huuliza. Jioni moja binti mmoja anayesoma sheria aliinua mkono: “Mwalimu, unasema rafiki mzuri, unasema rafiki anakuja, kama mtu. Lakini husemi rafiki wangu, unasema rafiki yangu. Kwa nini?” Swali hilo sikuwahi kuulizwa Upanga, wala pwani halimjii mtu, kwa kuwa kila mmoja wetu anasema hivyo tangu kunyonya. Nilimwahidi jibu wiki ijayo, nikaenda maktaba nikakaa na sarufi ya Ashton, iliyotolewa mwaka 1944, nikaipitia kwa taadhima kama mtu anayesoma hati ya nyumba aliyozaliwa ndani yake. Jibu nililipata: majina ya watu yanayofuata umbo la ngeli ya N huchukua upatanisho wa viumbe vyenye uhai katika vitenzi na vivumishi, lakini katika vimilikishi hubaki na upatanisho wa umbo lake, ndiyo maana tunasema mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Nililieleza ubaoni, na yule binti akaandika, akashukuru, akauliza swali lingine gumu kuliko la kwanza. Tangu hapo nikaacha kabisa kuona kwamba kuzaliwa Tanga kunatosha kumfanya mtu mwalimu wa Kiswahili. Kusema ni urithi, na urithi huu tumeupata bila jasho. Kufundisha ni elimu yenye vitabu vyake, mpango wake na subira yake.

Lakini vitabu navyo vina mpaka, na hili nililiona kwa daktari mmoja aliyekuwa akijiandaa kufanya kazi katika hospitali ya kanisa kusini mwa Tanzania. Alikuja na daftari lililopigwa mistari safu kwa safu, akataka nimpe maswali ya kumuuliza mgonjwa: wapi panauma, tangu lini, umetumia dawa gani. Nilimpa yote, kwa kuwa ni haki yake; kisha nikaazima shali ya mwanafunzi mmoja, nikajitanda, nikaketi mbele ya darasa na kumwambia kwamba mimi sasa ni bibi kizee niliyetembea tangu alfajiri kuja hospitalini. Akauliza mara moja, “Unaumwa wapi?” Nikamtazama, nisijibu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Muuguzi mstaafu aliyekaa nyuma, ambaye katika ujana wake alifanya kazi Njombe, akamnong'oneza neno, na daktari akashusha daftari lake, akainama kidogo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umeamkaje?”

“Nimeamka, ila usiku sikulala.”

“Pole, bibi. Kwa nini hukulala?”

Basi nikamweleza habari ya usiku, na ya mjukuu aliyekwenda mjini asirudi, na ya kuni ambazo sasa nazifuata mwenyewe, na ya mguu uliovimba tangu mvua za kwanza, na ya majani niliyouchulia. Na ndani ya masimulizi hayo majibu yote aliyoyataka yalikuwamo, siku, mahali na dawa, ila hayakuja kwa utaratibu wa daftari lake. Alinisikiliza hadi mwisho. Nami nilikumbuka wale waliokuja katika idara yangu ya madai kueleza ajali zao tangu walipoamka siku ile, na jinsi taratibu za ofisi zilivyonitaka niwakatize ili nipate tarehe na namba ya gari. Kama kuna saa moja niliyojua kwa yakini kwa nini niliacha kampuni, ni saa ile.

Masomo mengine niliyafanyia nje ya darasa. Katika barabara ya Invalidenstraße iko Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, na ukiingia ukumbi wake mkubwa unasimama chini ya mifupa ya dinosauri mwenye kimo cha mita 13 na zaidi, aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, katika kazi iliyodumu tangu mwaka 1909 hadi 1913. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kufanya zoezi la kauli ya kutendwa. Wakasema kwa zamu: mifupa ilichimbwa, ilifungwa, ilibebwa, ilipakiwa melini. Sentensi zote zilikuwa sahihi. Kisha nikauliza: ilichimbwa na nani, ilibebwa na nani? Wakatazamana. Ndipo nilipowasimulia habari za Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji na fundi wa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja, na za wapagazi waliochukua mizigo mabegani na vichwani kwa siku kadhaa za mwendo hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Nikawataka wazigeuze sentensi zao ziwe kauli ya kutenda. Boheti bin Amrani na wenziwe waliichimba. Wapagazi waliibeba. Walisema hivyo kwa sauti katikati ya ukumbi, na mlinzi mmoja akasogea kusikiliza.

Kutoka makumbusho hayo, ukifuata barabara hiyo hiyo upande wa mashariki, mwendo usiofika nusu saa, unaikuta Brunnenstraße, na mbele ya nyumba namba 193 kimepachikwa katika njia ya waendao kwa miguu kibao kidogo cha shaba, kilichowekwa mwaka 2007, cha kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimwita Bayume Mohamed Husen. Mtu huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari. Akiwa mtoto bado alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1929 akasafiri hadi Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akafanya kazi ya kuandalia watu mezani katika hoteli, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili katika chuo ambacho hapo kabla kiliitwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuhusiana na mwanamke mweupe, jambo ambalo utawala wa Hitler ulilifanya kosa, na mwaka 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin kama mimi nilivyo. Kila nipitapo pale husimama nikamwombea.

Wala hakuwa wa kwanza. Seminari ile ilifunguliwa mwaka 1887 kuwatayarisha maofisa, wafanyabiashara na wamisionari, na tangu miaka ya mwanzo ilihitaji watu wa pwani. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha hapo tangu 1891 hadi 1895, na maandishi yake yakachapwa katika mkusanyo wa Kiswahili uliotolewa na Mjerumani Büttner mwaka 1894. Mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, mwanachuoni aliyezitembelea nchi za Udoe na Uzigua na kuziandika habari zake. Na kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa mwaka 1903, ambacho hadi leo hakuna mtafiti wa mambo ya pwani awezaye kukipita, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake, ijapokuwa jina lililoandikwa jaladani ni la Mjerumani Carl Velten. Katika darasa la seminari nafasi yake ilikuwa ya msaidizi wa matamshi. Kulikuwa na wanafunzi walioona ni dhila kuamriwa na mwalimu mweusi, na mambo hayo yakaishia kwa yeye kuondoka chuoni. Alikuwa ameoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi kwao pamoja na mkewe, wakuu wa koloni walimkataza kuingia naye nchini, mume na mke wakageuka na meli wakarejea Ujerumani; huko akabaki, akipata riziki kwa mihadhara na mafunzo, hata mauti yalipomkuta mwaka 1927.

Nimezisoma habari hizi zaidi ya mara moja, na kila mara naona dhuluma ile ile: watu hawa walitakiwa kwa ndimi zao na wakanyimwa hadhi ya elimu yao. Mtoro alikuwa mwandishi wa nathari ambaye shule zetu zilipaswa kumfundisha kila mwaka. Lakini wengi wa waliopata shahada za Kiswahili kwetu hawajawahi kushika kitabu chake. Maisha yake yaliandikwa kwa ukamilifu na Ludger Wimmelbücker, katika kitabu kilichotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009, na kinapatikana kwa atakaye.

Mji wenyewe umeanza kuitazama historia hiyo. Upande wa kaskazini, katika Wedding, uko mtaa uitwao mtaa wa Kiafrika, wenye barabara za Sansibar, Tanga na Usambara, majina yaliyowekwa kwa fahari ya ukoloni. Na moja kati ya barabara zake tangu mwaka 1939 ilichukua jina la Carl Peters, yule aliyetembeza mikataba ya ulaghai Usagara mwaka 1884 na ambaye ukatili wake ulimfukuzisha kazi hata kwa wakoloni wenziwe. Mnamo Agosti 2024 jina hilo liliondolewa, na sehemu moja ya barabara ikaitwa Maji-Maji-Allee. Niliwapeleka wanafunzi wangu pale, tukasimama chini ya kibao kipya, na yule kijana mwenye bibi wa Unguja akawaeleza wenziwe kwa Kiswahili, polepole, bila kuangalia daftari, habari za vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Alikosea upatanisho mahali pawili. Sikumkatiza.

Pato langu leo ni dogo kuliko lile la Dar es Salaam, na sitarajii lilifikie. Mama yangu hutumiwa dawa zake kama zamani, wadogo zangu wamemaliza shule, na ami yangu hunipigia simu siku ya Ijumaa kuuliza darasa lina watu wangapi. Kazini nimeridhika. Isiyoniridhisha ni hali ya sisi walimu: kila mmoja wetu aliye ugenini ametafuta nafasi yake peke yake, ametunga mazoezi yake peke yake, na akiugua hakuna wa kumrithi. Umoja wa Mataifa umetutengea tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili, na serikali zetu huisherehekea kwa hotuba balozini. Nawaomba wenye mamlaka waongeze juu ya hotuba mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: vitabu vya kufundishia watu wazima, malipo ya nauli na bima kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza, na mkataba kati ya BAKITA na shule hizi za jioni, ili mwalimu afikapo apokewe kwa cheo chake.

Na wewe msomaji uliye ofisini, unayekipenda Kiswahili na kuona moyo wako uko ubaoni, usiache kazi kwa papara. Jisomee sarufi hadi uweze kujibu kwa nini, hudhuria mafunzo ya BAKITA, fundisha wageni wa mjini kwako kwa mwaka mzima, weka akiba ya miezi sita, uliza juu ya bima ya afya kabla ya kuuliza juu ya hali ya hewa. Kisha andika barua ya maombi. Madarasa yapo, na mengine hufungwa kwa kukosa mwalimu tu.